Miti Iliyoitiwa Wadudu

Watu wa Nyakabere waliposikia ninakataa kumuganduka bwana yangu, walisema akili yangu ilibaki kambini Tanzania. Waseme. Kuganduka, kwetu sisi wa bonde la Ruzizi, ni siku ya kumaliza kilio. Ukoo unakusanyika, pombe ya ndizi inamwagwa kidogo chini na nyingi kooni, maneno ya marehemu yanasemwa, na kesho yake mujane anaweza kucheka bila muntu kumuangalia vibaya. Desturi nzuri, siikatai. Lakini ni desturi ya marehemu. Anastase wangu, nani alimuona akifa? Hakuna. Sasa tutamuganduka vipi muntu ambaye hata kikohozi chake cha mwisho hakuna aliyekisikia?

"Shemeji," Frédéric, kaka mukubwa wa Anastase, alikuwa ananiambia kila kiangazi mihogo ikianikwa, "vita imemeza watu wengi. Hatuwezi kungoja kila mumoja aje kuchukua shati yake."

"Ganduka weye," ninamujibu. "Kunywa, lewa, lala. Minye nangoja."

Mama yao, ule minye namuita mabukwe, alikuwa anasukuma tu kuni ndani ya jiko. Alimutamani mutoto wake arudi, sawa na minye, ila alikuwa amechoka kutamani. Minye sikuchoka. Na sikungoja kwa ujinga kama walivyofikiri. Nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa miti.

Anastase alikuwa mulinzi wa misonobari kule Rurambo, juu mulimani. Sisi tunaiita sapini. Ilipandwa na Mapadri wakati wa Wabelgiji, na ndiyo ilikuwa inashikilia udongo usituporomokee huku bondeni mvua kubwa ikinyesha. Halafu kukaingia mududu. Mweusi, mudogo, punje ya mchele inamushinda ukubwa. Anatoboa ganda la muti, anaingia chini yake, anazaa humo, na muti unakauka umesimama. Proje moja, mradi wa misitu kutoka Bukavu, ikawaletea walinzi kitu cha kupigana naye, na hakikuwa dawa ya kuua. Kilikuwa kisashe, kifuko kidogo chenye harufu.

Jumapili moja, ninachambua maharagwe, alinieleza. Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi, kila kitu alichosema nilikisikiliza.

"Mududu wa kwanza akipata muti muzuri, anatoa harufu ya kuita wenzake. Wazungu wameitengeneza ile harufu. Minye nafunga sashe kwenye muti mumoja, na wao wote wanakuja pale, wanaacha mingine."

"Wanakuja kumukuta nani?"

"Hawakuti muntu. Wananikuta minye na shoka."

"Basi muko wabaya," nilimuambia. "Kumuita muntu kwa mapenzi, halafu shoka."

Alicheka mpaka akanimwagia maharagwe. Nilimupenda sana akicheka. Nasema wazi, sioni haya, nimeshakuwa mukubwa.

Lakini kazi ile ilikuwa na sheria yake, na Anastase aliishika kuliko amri za kanisa. Muti ukishaitiwa wadudu, lazima ukatwe kabla watoto wao hawajatoka. Unauangusha, unaubandua ganda lote, unachoma ganda palepale. Ukiuacha umesimama, weye mwenyewe umefuga adui, na atakuja kumaliza msitu. Ndiyo maana kila muti alioufunga sashe aliupiga pete ya rangi nyekundu, chini kabisa karibu na mizizi, asije akausahau hata mumoja. Nikimuambia apumzike siku mbili tatu nyumbani, ananijibu, "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Miti nimekwisha iitia."

Mwaka ule wa tisini na sita, kiangazi kinaisha, alipanda Rurambo na sashe mupya ndani ya mufuko wake wa turubai. Aliniambia atafunga, atangoja, atakata, halafu ashuke. Alipokuwa juu, vita ikaingia bondeni. Tulisikia bunduki upande wa mupaka asubuhi, na saa sita njia nzima ilikuwa watu na magodoro. Nilimushika mabukwe mukono, tukafuata wengine mpaka Uvira, kutoka Uvira tukafuata kando ya ziwa mpaka Baraka, na Baraka tukapanda boti ya watu waliobanana, tukavuka Tanzania. Nyuma nilikuwa nageuka naangalia mulima. Nilikuwa namuambia kwa moyo, shuka, tuko huku, shuka.

Kambini nilikuwa kero. Kila boti mupya ikileta watu, minye niko pale: nani ametoka Rurambo? Nani amemuona mulinzi wa sapini, murefu, anatumia mukono wa kushoto? Watu walikuwa wananikwepa kama mudai. Mumoja alisema aliuawa. Mwingine alisema alionekana Bijombo anachunga ng'ombe za watu. Mwingine, mulevi, alisema amekuwa askari. Asiyekuwapo na lake halipo; kila muntu alimutupa pahali alipotaka.

Tuliporudi Nyakabere, vita ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ya pili haikukawia. Njia ya mulimani ikafungwa. Leo wanaishika hawa, kesho wanaishika wale, na wote wana bunduki. Na hapo ndipo kulikuwa na maumivu yenyewe, maana kutoka kwetu ule mulima unauona kila asubuhi ukifungua mulango. Niliona pahali alipo bwana yangu nilivyokuwa naona mapaa ya jirani, na sikuweza kufika. Muntu akipotea mbali unaweza kulala. Wangu alipotea mbele ya macho.

Ndiyo nikashikilia miti. Nilijiambia hivi: kama Anastase alikufa siku zile za kwanza, miti aliyoiitia ilibaki imesimama, wadudu walizaana, na sapini zote zimekauka. Kama msitu iko kijani, basi kuna aliyekata. Na nani mwingine angekata? Vita inapiga, muntu gani ana haja ya mududu?

Mwaka wa vita kupoa, wakubwa wakigawana viti Kinshasa, wamama wa juu walianza tena kushuka na viazi sokoni Uvira. Nilimushika mumoja mukono, sikuangalia hata viazi vyake.

"Mama, sapini za Mapadri ziko namna gani?"

Akaniangalia kama nimeuliza habari ya nyota. "Ziko tu. Za kijani. Ziwe namna gani?"

Nilikaa chini palepale katikati ya viazi, nikalia. Yule mama alifikiri nimepatwa na kifafa, akaanza kunimwagia maji.

Niliporudi nyumbani nilikuta Frédéric amekwisha fukia ndizi shimoni ziive. Maana yake siku ya kuganduka ilikuwa imepangwa, kuniuliza hawakuniuliza. Nilimuambia mbele ya mama yake: "Kamueni hizo ndizi, sikatazi. Minye napanda. Nikirudi na habari ya kifo, kikombe cha kwanza nitakunywa minye, na mutanisikia nikilia kama muke anavyolilia bwana. Nikimukuta, pombe itakuwa yake."

Frédéric alitaka kubisha. Mabukwe akasema neno moja tu: "Aende."

Nilipanda na wale wamama wa viazi. Walipofika kwao wakanionyesha njia ya msitu, nikaendelea peke yangu. Kisiki cha kwanza nilikikuta pembeni kabisa, cha zamani, kimeota uyoga. Chini, karibu na mizizi, pete ya rangi nyekundu ilikuwa bado inaonekana. Gogo lilikuwa limelala pale, limebanduliwa ganda lote, na kando yake kulikuwa na doa jeusi la moto wa zamani. Niliweka mukono juu ya ule mukato. Ulikuwa umelala upande wa kushoto, maana muntu wa mukono wa kushoto shoka lake haliingii kama la wengine. Nilisema kwa sauti, peke yangu msituni, "Ulikata." Vita ilimukuta hai, na alikata.

Nikapata cha pili na cha tatu. Halafu nikakuta kisiki ambacho si cha zamani sana, na pete yake haikuwa ya rangi, ilikuwa imechorwa na panga. Nilielewa mara moja: rangi ilimuishia, yeye hakuisha. Mbele zaidi hakukuwa tena na alama ya sashe. Kulikuwa na magogo yaliyolazwa kivulini, yametobolewa matundu madogo madogo. Hilo pia aliwahi kunifundisha, kwamba sashe zikikosekana, muti mubichi ukiangushwa harufu yake inamuita mududu wa kwanza, na wa kwanza anawaita wengine. Nilikuwa napanda, nacheka, nalia, navuta kikwembe kisishikwe na miiba. Kila kisiki kilikuwa kipya kuliko cha nyuma. Cha mwisho utomvu wake ulikuwa unanata bado. Ulinishika vidole, na sikuvifuta.

Halafu nikasikia harufu ya ganda linaungua.

Alikuwa amenipa mugongo. Shati sikuijua, lakini mugongo niliujua. Alikuwa anabandua gogo, na muke mumoja alikuwa anakusanya maganda, anayapeleka motoni, mutoto amefungwa mugongoni. Alipopita karibu naye, alimufuta Anastase jasho la shingo kwa ncha ya kikwembe chake, bila kusimama, bila kuombwa. Sikuhitaji kuelezwa kitu kingine.

Anastase aligeuka. Shoka likamuanguka. Alifanya alama ya musalaba, na minye, niliyekuwa nimetayarisha maneno miaka yote ile, maneno mazuri, maneno ya kuimba, nikasema tu, "Umekonda."

"Bernardine," akasema. "Bernardine, weye tulikuganduka."

Walinikalisha mbele ya nyumba yao. Yule muke, Furaha jina lake, Mufuliiru wa palepale Rurambo, alileta maji ya moto, akainama kuninawisha miguu kama unavyomunawisha mugeni wa heshima. Anastase alieleza huku anaangalia udongo. Wiki zile za kwanza watu waliokimbia kupanda juu walimuambia nyumba yetu ilipigwa bomu na ndani hakutoka muntu. Walitaja hata muti wetu wa mulangoni, akaamini. Nyumba ilipigwa, ndiyo, niliikuta haina paa. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha toka. Alilia mwaka muzima na zaidi. Halafu majirani wakamuambia, baba, muntu hawezi kulia mpaka kufa, na wakamuganduishia muke wake.

"Pombe niliitengeneza minye," Furaha alisema. Bado alikuwa ameshika mguu wangu. "Sikuwa bado muke wake, mama. Nilikuwa jirani. Nilikulilia kweli."

Nilimuangalia. Ningefanya nini, nimupige? "Pombe ilikuwa nzuri?"

"Watu walikunywa, wakashiba."

"Haya. Asante," nikasema. Na nilikuwa sisemi uongo, maana ni kazi kubwa kumutengenezea marehemu pombe, na marehemu mwenyewe kwa kawaida hapati nafasi ya kushukuru. Anastase alicheka kidogo, cheko lake lilelile, halafu akafunika uso na mikono. Afazali asingecheka. Mpaka pale nilikuwa nimejikaza.

Furaha alipokwenda kukamua mbuzi, nilimuuliza jambo lililokuwa linanikaba. "Siku ile ya kwanza, bunduki zilisikika mpaka huku?"

"Zilisikika."

"Na njia ilikuwa bado wazi?"

"Siku ile, ndiyo. Kesho yake ikafungwa."

"Kwa nini haukushuka?"

"Miti nilikuwa nimekwisha iitia, Bernardine. Nilijiambia nimalize, halafu nishuke. Nilifikiri ni vita ya siku mbili, kama zile zingine. Ningeiacha, leo hapa pangekuwa jivu na nyinyi kule chini mungekuwa ndani ya tope. Nimeijutia ile siku kila siku. Lakini nisikudanganye: sapini ziko hai kwa sababu ile."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Nilitaka kumutukana, na tusi nilikuwa nalo tayari. Nikaangalia zile sapini, ndefu, za kijani mpaka juu, upepo unapita ndani, nikaona ni kweli. Miaka yote ile zilikuwa zinanipa tumaini kwamba yuko hai, na ndizo zilimuzuia kuja kwangu. Tusi nikaliacha.

Asubuhi alinisindikiza mpaka msitu unapoishia. Aliniomba nibaki. Alisema Furaha mwenyewe amekubali, atanijengea nyumba yangu, nitakuwa mukubwa wa nyumba zote mbili. Nilitaka kusema ndiyo. Nasema ukweli wa Mungu, neno lilikuwa limefika mudomoni. Lakini jana yake nilikuwa nimeona Furaha anamupa kibuyu cha maji kabla hajageuka kukitafuta, na mutoto wao analia mpaka apewe kidole cha baba yake akishike. Minye pale ningekuwa mugeni wa kila siku. Bwana niliyemungojea alikuwa wangu peke yangu. Huyu wa nusu sikumujua.

"Rudi kazini," nikamuambia. "Ganda litakauka, litakuwa gumu kubandua."

Alinishika mukono. Nikashuka sigeuki, maana nikigeuka nitarudi.

Nyumbani nilikuta uani pamejaa. Pombe ilikuwa imekwisha chujwa, mirija imetayarishwa, jamaa wa Frédéric wamekaa juu ya mikeka na nyuso za musiba. Njiani nilikuwa nimewaza kusema amekufa. Ilikuwa neno jepesi, na lingenifaa: ningelia, wangenishika mabega, ningekunywa kikombe cha kwanza, na kesho ningekuwa muntu mupya. Ni nani angepanda mulima kunisahihisha? Nilifungua mudomo, na mbele yangu kukawa na mabukwe, amesimama anajishikilia kwenye nguzo, anaangalia midomo yangu.

"Iko muzima," nikasema. "Ana mutoto."

Sitasahau alivyopiga vigelegele yule mama mwenye magoti mabovu. Watu walirukaruka, Frédéric alinishika mikono yote miwili, machozi yanamutiririka, akasema, "Shemeji, utusamehe, haki ilikuwa yako." Wale waliosema akili yangu ilibaki Tanzania, sasa ni minye peke yangu niliyekuwa na akili Nyakabere nzima. Habari ya Furaha niliwaambia pia, bila kupunguza. Walitikisa vichwa kidogo, wakasema vita ni vita, halafu wakarudi kufurahi. Siwalaumu. Wao mutoto wao alikuwa amefufuka.

Walipanda siku ya pili, ukoo muzima, na mitungi ya pombe vichwani. Mabukwe walimubeba ndani ya kipoyi, kiti cha kubebwa mabegani. Kabla ya kuondoka alinigeukia. "Mukamwana, weye hauendi?"

"Mbuzi watabaki na nani?" nikasema, na akaelewa, akashika uso wangu mara moja, wakamubeba.

Mchana alikuja Marie-Rose, jirani yangu. Bwana yake aliuawa vita ya pili. Alimulilia, akamuganduka, na sasa ni muntu wa kucheka sokoni mpaka unamusikia ngambo ya njia. Alikaa karibu na minye kwenye ukumbi.

"Una bahati, Bernardine. Wako iko muzima."

"Iko muzima, ndiyo." Uani palikuwa kimya, mikeka imebaki imetandikwa bila watu. "Marie-Rose, weye ulilia, siku ikafika, wakakuganduisha, ukamaliza. Wangu hana kaburi, na hakuna anayemuganduka muntu aliye hai. Sasa minye nitamaliza siku gani?"

Alinirekebishia kikwembe begani, akaendelea kukaa.